Mvua “zilipovunjika” Kongwa: jibu kwa mfasiri kuhusu neno “break”

SWALI: Ninafanya kazi na mradi wa kilimo hapa Kongwa, mkoani Dodoma. Kila baada ya miezi mitatu natafsiri taarifa za Kiingereza ili zisomwe kwenye vikundi vya wakulima, na mara chache natafsiri za kwao kwenda Kiingereza. Neno linalonitesa ni “break”. Taarifa ya mwisho ilikuwa na sentensi hii: “The rains broke in the second week of December, two pumps broke down, and most households barely broke even.” Nikaandika kwamba mvua zilikatika wiki ya pili ya Desemba, pampu mbili zilivunjika, na kaya nyingi nusura zivunjike. Kikaoni watu waliangua kicheko. Mwenyekiti akauliza mvua ilikatika lini, maana wiki hiyo ndiyo walikuwa wanapanda. Kamusi inanipa maana nyingi lakini hainiambii lini nitumie ipi. Kuna kanuni yoyote?

JIBU: Kanuni ipo, ila haianzii kwenye kamusi. Ukifungua “break” unakutana na “vunja” juu kabisa, na maana nyingine zimepangwa chini yake, na hapo ndipo mfasiri anaponaswa: anaamini kuvunja ndiyo maana yenyewe na zilizobaki ni nyongeza. Kwa Mwingereza neno hili ni pana zaidi. Linataja ile hatua ambapo kitu kizima kinaacha kuwa kizima, au jambo lililokuwa likiendelea linakoma. Nguvu, kishindo na vipande ni sehemu moja tu ya habari. Kwa hiyo kabla hujaandika kitenzi chochote jiulize: nini kilikuwa kizima au kinaendelea, na baada ya hapo ikawaje? Kitenzi cha Kiswahili utakipata kwenye jibu la “ikawaje”, mara chache kwenye neno “break” lenyewe.

Tuanze na sentensi yako, maana imebeba mitego mitatu ya aina tofauti.

“The rains broke.” Kiingereza kina kundi la mambo ambayo yakichomoza ghafla husemwa kwa kitenzi hiki: “the day broke”, kulikucha, “the storm broke”, dhoruba ilianza, “the news broke”, habari zilitoka, “war broke out”, vita vilizuka. Kilichokatika ni hali ya kabla, yaani usiku, utulivu, ukimya, amani, lakini sentensi inataja kile kilichoingia. Mvua za msimu zimo kundi hilo. Zilianza. Kuna kundi la pili, ambalo kinachotajwa ni hali iliyokuwa imeng’ang’ania kwa muda: “the drought broke”, “the heat broke”, “the fever broke”. Hapo ni hali yenyewe iliyoachia: ukame umekwisha, joto limepungua, homa imeshuka. Njia ya kutofautisha ni rahisi. Kama kitu kilikuwa kinangojewa au kinakuja, basi kimeanza; kama kilikuwa kimekaa, basi kimeondoka. Sentensi moja tu husumbua hata wazoefu, nayo ni “the weather broke”. Maana yake ni kwamba kulikuwa shwari, sasa kumechafuka.

Kwa mkoa wa Dodoma kosa lako halikuwa dogo. Mvua zenu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na katikati yake, mara nyingi Februari, mvua hukatika wiki mbili tatu huku mahindi yakiwa yanahitaji maji kuliko wakati wowote. Mkulima akisikia “mvua zilikatika” anafikiria kipindi hicho na anaanza kuhesabu hasara. Kiingereza cha jambo hilo ni “a break in the rains”. Neno likiwa nomino, likafuatwa na “in”, linageuka kuwa pengo au mapumziko. Kwa hiyo unaweza kukuta aya moja ina “the rains broke in December” na mstari wa chini yake “a break in the rains in February”. Ya kwanza ni mvua kuanza, ya pili ni mvua kukatika. Ukiona “break” na mvua pamoja, usiandike kitu kabla hujaangalia kama ni kitenzi au nomino, kisha tazama mwezi uliotajwa na linganisha na unachokijua kuhusu shamba. Wewe unaishi Kongwa. Kalenda ya kilimo unaijua kuliko aliyeandika taarifa.

“Two pumps broke down.” Hapa “down” ndiyo yenye uamuzi. Mashine au gari “likibreak down” limeacha kufanya kazi, halikuvunjika vipande. Kwa Kiswahili limeharibika. Tofauti hii inagharimu fedha. Ukiandika “pampu imevunjika”, fundi atakayesoma ataelewa kwamba kuna chuma kimekatika au mwili wa pampu umepasuka, na anaweza kubeba vipuri visivyohitajika. Ukiandika “imeharibika”, atauliza imeharibika nini. Taarifa ya Kiingereza ikisema “broke” bila “down”, wewe ndiye wa kuuliza, kwa sababu neno halisemi: ni fimbo za ndani zimekatika, ni bomba limepasuka, ni mpira wa pistoni umechakaa, au ni mota imeungua? Kila moja ina kitenzi chake kwa Kiswahili, na hakuna hata moja kati ya hizo nne inayosemwa kuvunjika.

“Barely broke even.” Hili ndilo lililowachekesha watu, na ndilo lenye madhara zaidi, kwa sababu linahusu mifuko yao. “Break even” ni kurudisha gharama zako zote bila kupata faida wala hasara. Wengi hulisoma kama hasara kwa kuona tu “broke”. Chukua mfano wa kikundi chenye mashine ya kukamua alizeti. Tuseme pango la banda, mlinzi na rejesho la mkopo ni shilingi 600,000 kwa mwezi, wauze wasiuze. Dumu la lita 20 wanaliuza 90,000, na mbegu, umeme na vibarua wa kupata dumu hilo ni 75,000. Kila dumu linabakiza 15,000. Gawanya 600,000 kwa 15,000 unapata 40. Wakiuza madumu 39 wana hasara, wakiuza 40 wamerudisha gharama, na dumu la 41 ndilo la kwanza kuingiza faida. Hiyo 40 ndiyo “break-even point”. Kwenye taarifa ya vikundi iandike “kiwango cha kurudisha gharama”, kila mtu ataelewa. Na “barely” maana yake ni kwa shida, kwa kubanana. Basi sentensi yako yote inakuwa: “Mvua zilianza wiki ya pili ya Desemba, pampu mbili ziliharibika, na kaya nyingi ziliambulia kurudisha gharama tu.”

Sasa tuje kwenye vitu vya kushikika, ambako kwa kweli Kiswahili kina maneno mengi kuliko Kiingereza, na mfasiri anayeng’ang’ania “vunja” anakitia umaskini. Mwingereza ana “break” moja kwa fimbo, kamba, yai, ukuta na mkate. Sisi tunaangalia kitu kimeundwaje. Kigumu na kirefu, kama tawi au mfupa, huvunjwa. Chenye nyuzi, kama kamba au waya, hukatwa. Chenye ganda au kinachoachia mstari wa ufa, kama yai, gogo au ngozi ya mguu wakati wa kipupwe, hupasuka. Nguo huchanika. Ukuta hubomolewa. Jipu hutumbuliwa. Ugali, uwe wa mahindi, mtama au uwele, humegwa, na “break bread” ya kanisani ni kuumega mkate. Hindi likiwa bado kwenye bua hukonyolewa, ingawa wengi husema pia kuvunja mahindi. Madongoa ya shamba yanavunjwa, hapo uko salama. Na “broken rice” ni chenga. Usiandike mchele uliovunjika, maana muuza mchele wa soko la Majengo, Dodoma mjini, hana kitu chenye jina hilo.

Kuna jambo la sarufi linaloambatana na hilo. Kiingereza hutumia umbo lilelile awepo mtendaji asiwepo: “I broke the cup”, “the cup broke”. Kiswahili kinakulazimisha uchague: nimevunja kikombe, kikombe kimevunjika. Ni hivyo hivyo kwa kata na katika, pasua na pasuka, chana na chanika, haribu na haribika, mega na meguka, bomoa na bomoka. Kwenye taarifa ya tukio uchaguzi huu ni mzito. “The seal on the store broke” haisemi kuna mtu aliyeikata lakiri. Ukiandika “lakiri ilivunjwa” umemleta mtuhumiwa ambaye Kiingereza hakikumtaja, na mlinzi wa stoo ataitwa kujieleza kwa sababu ya kiambishi chako kimoja. Umbo la “broken” ndilo baya zaidi, kwa kuwa lina maana zote mbili: “the lock was broken” inaweza kuwa kufuli lilivunjwa, na inaweza kuwa kufuli lilikuwa bovu tangu zamani. Hapo usikisie. Rudi kwa aliyeandika.

Kwa kuwa uko kwenye kilimo, kuna istilahi chache ambazo lazima uzitenge kabisa na kuvunja. Ya kwanza ni ya zabibu, na kwa Dodoma haikwepeki. “Bud break” ni macho ya mzabibu kuchipua. Wakulima wa Hombolo na Mpunguzi hupogolea mizabibu ili kuilazimisha ichipue upya, ndiyo maana shamba moja linavunwa mara mbili kwa mwaka, na taarifa za kitaalamu hutaja “bud break” kila baada ya upogoleaji, pamoja na idadi ya siku. Ukiandika kwamba machipukizi yalivunjika siku ya kumi na mbili, mkulima ataenda kumtafuta mwenye mbuzi. Ya pili ni “windbreak”, miti iliyopandwa kwa mstari kukinga upepo, na ndugu yake “firebreak”, njia iliyofyekwa ili moto usivuke. Hapo “break” ni kizuizi: upepo na moto ndivyo vinavyokatishwa mwendo. Ya tatu ni “break crop”, zao unalobadilishia shambani msimu mmoja, kwa mfano kunde baada ya mahindi, ili magonjwa na wadudu wa zao la kwanza wakose chakula. Ya nne ni “breaking in oxen”, kufundisha maksai kuvuta jembe. Hakuna maksai anayevunjika.

“Break ground” ina sura mbili. Shambani ni kulima ardhi ambayo haijawahi kulimwa. Kwenye ujenzi ni kuanza kuchimba, na sherehe yake ni kuzindua ujenzi. Watu wengi huandika “kuweka jiwe la msingi”, jambo ambalo kwa kawaida huja baadaye na mara nyingi hufanywa na kiongozi mwingine kabisa. Ukiwa na taarifa ya mradi inayotaja vyote viwili kwa tarehe tofauti, ukivichanganya utakuwa umefuta tarehe moja.

Viambata vidogo vinavyofuata kitenzi, “down”, “up”, “out”, “in”, “off”, ndivyo vinavyobeba nusu ya maana, na kila kimoja kina tabia yake. “Down” tumeiona kwa mashine. Lakini ofisini utaikuta zaidi kama nomino: “a breakdown of costs” ni mchanganuo wa gharama, “breakdown by gender” ni mchanganuo kwa jinsia. Mhasibu akiombwa “breakdown” hajaambiwa kuna kitu kimeharibika. Chakula “kikibreak down” tumboni kinameng’enywa, samadi kwenye shimo inaoza, mtu akilemewa na msiba anaangua kilio, na mazungumzo kati ya pande mbili yanavunjika. Gari la kuvuta magari mabovu nalo barabarani tumeliita breakdauni, na halina jina jingine linalojulikana zaidi.

“Up” ni kutawanyika. “The meeting broke up at four” maana yake mkutano ulimalizika saa kumi na watu wakaondoka zao. Ukiandika “mkutano ulivunjika saa kumi” umeripoti vurugu, kwa sababu kwa Kiswahili mkutano unaovunjika ni ule ulioshindikana, watu wamegombana au akidi haikutimia. “The meeting broke for lunch” ni wajumbe kupumzika kwa chakula, na ukiivunja hiyo pia utapigiwa simu na afisa tarafa. Shule za Uingereza “zikibreak up” zinafungwa kwa likizo. Wapenzi wanaachana. Simu inakatakata. Na anayeingilia vijana wawili wanaopigana, “he broke up the fight”, ameamulia ugomvi.

Fanana na hilo ni safari. “We broke our journey at Gairo” ni kwamba walishuka Gairo, wakapumzika au wakalala, kisha wakaendelea. “Safari yetu ilivunjika Gairo” ni habari tofauti kabisa: safari ilikufa hapo. Kwenye madai ya posho tofauti hiyo ni ya siku nzima.

“Out” ni kulipuka au kutoroka. Ugonjwa: mlipuko wa kipindupindu. Vita: kuzuka. Ngozi: kutokwa na vipele, kutokwa na jasho. Mfungwa: kutoroka. Kwenye semina, “breakout groups” ni makundi ya majadiliano, na mkalimani asiyejiandaa neno hili humganda mdomoni mbele ya wajumbe mia. “In” ni kuingia kwa nguvu, kudakia maneno ya mwenzio, au kuzoesha kitu kipya, kama viatu vinavyobana ambavyo unavivaa kidogo kidogo hadi vilainike. “Off” ni kukatisha: uchumba, mazungumzo, sentensi iliyoishia katikati. “Away” ni kujitenga. “Through” ni kupenya, na nomino yake “breakthrough” ni mafanikio yaliyofungua njia.

Sheria inahitaji aya yake, kwa kuwa taarifa za miradi hutaja wizi mara nyingi. “Housebreaking” na “burglary” kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni kuvunja nyumba na kuingia kwa nia ya kutenda kosa. Usiku ndio unaoigeuza kuwa “burglary”. Lakini kifungu cha 293 kinaeleza kwamba anayefungua mlango au dirisha kwa kusukuma, kuvuta, kuinua au kwa ufunguo anahesabiwa amevunja jengo. Si lazima hata bawaba ilegee. Kwa hiyo ukikutana na “they broke in through an unlocked window”, usione mwandishi amejichanganya. Kama taarifa inakwenda polisi, tumia “kuvunja”, ndilo neno la kosa. Kama inasomwa kijijini, sema waliingia kupitia dirisha lisilofungwa kwa komeo, watu wajue la kurekebisha.

Zahanati nako pana maneno yake. “Her waters broke” ni chupa imepasuka; mama yeyote wa Kongwa analijua hilo kuliko mfasiri. “Do not apply to broken skin” kwenye dawa ya kupaka ni usipake penye mchubuko au kidonda, na hii itafsiri kwa uangalifu wote, maana “ngozi iliyovunjika” haina maana kwa mtu yeyote na mgonjwa atapaka. “Broken sleep” ni usingizi wa kukatikakatika. Sauti ya kijana “inapobreak” inakuwa nzito, amebalehe. “Break a fast”, yaani kufunga kukikoma, ni kufuturu kwa Mwislamu wa Ramadhani, na kwa mgonjwa aliyeambiwa asile kabla ya kipimo ni kuruhusiwa kula tu.

Fedha: “broke” bila “n”, baada ya “is” au “am”, ni kuishiwa. Mtaani amefulia, amechacha, yuko juu ya mawe; kwenye taarifa hana fedha. Usiruke hadi “amefilisika” isipokuwa ni kampuni au mtu ambaye biashara yake imekufa kabisa. “Broken” yenye “n” kwa mtu ni moyo, si mfuko. “Can you break a ten thousand?” ni kuomba chenji. “Tax break” ni nafuu ya kodi. “A lucky break” ni nafasi iliyomwangukia mtu. “Broken English” ni Kiingereza cha kuungaunga. Na usichanganye “break” na “brake”. Yanatamkwa sawa, ila la pili ni breki. Gari likipata ajali kwenye mteremko, “brake failure” ni kufeli breki, na habari hiyo ikiandikwa kwa “break” na Mswahili mwenzetu, kama inavyotokea kila mara, usiitafsiri kama ilivyo.

Misemo ya mazungumzo usihangaike nayo sana, kwa kuwa haimo kwenye taarifa zako. “Break a leg” ni kila la heri kwa anayepanda jukwaani. “Give me a break” ni niache bwana. “Break the ice” imetoka kwa meli zinazopasua barafu ili zipite. Kwetu ni kuwachangamsha watu wasiofahamiana, na mwezeshaji wa semina huifanya kwa wimbo au kwa kujitambulisha. “Make or break” ni ya kufa na kupona.

Sasa upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, ambako umesema unafanya mara chache. Hapa kosa linageuka: unaona “vunja” na mkono unaandika “break”. Mara nyingine ni sahihi kabisa. Sheria, mkataba, ahadi, rekodi, mwiko na ukimya vyote vinavunjwa kwa lugha zote mbili. Kanuni na masharti, ingawa Mwingereza anayavunja, kwa Kiswahili cha ofisi yanakiukwa. Baada ya hapo njia zinaachana. Bunge linalokaa Dodoma linavunjwa, na Ibara ya 90 ya Katiba ya 1977 inatumia neno hilohilo, lakini Kiingereza chake ni “dissolve”. Ukiandika “the President broke Parliament” msomaji wa nje atadhani jengo limebomolewa. Vivyo hivyo Baraza la Mawaziri, bodi na kamati ya kijiji. Na kuahirisha Bunge ni jambo jingine, “adjourn”, hata kama magazeti huviweka karibu karibu.

“Kumvunja moyo” wengi huandika “break his heart”. Siyo. “Break someone’s heart” ni maumivu ya mapenzi au majonzi makubwa, kumuumiza moyo. Kuvunja moyo kwetu ni kukatisha tamaa: “bei ya alizeti ilitushusha, tukavunjika moyo” ni “we were discouraged”. Mfadhili akisoma kwamba wanakikundi 30 wana “broken hearts” ataleta mshauri nasaha badala ya mnunuzi. “Kuvunja mbavu” ni kuchekesha mno, wala usiitaje mifupa. “Kuvunja bei” ni kuuza chini ya soko. “Kuvunja ungo” ni msichana kupata hedhi ya kwanza, na kwenye taarifa ya afya ya shule ni “first period” au “menarche”. “Kuvunja jungu” ni kula na kufurahi siku za mwisho kabla ya Ramadhani. Eleza kwa sentensi nzima, maana Kiingereza hakina neno.

La mwisho utalikuta mwaka huu huu, maana vikundi vyako karibu vyote ni vya kuweka na kukopa. Wanachama wakisema “tunavunja kikoba”, wanamaanisha mzunguko umefika mwisho: mikopo yote inarejeshwa, faida inajumlishwa, na kila mtu anagawiwa kwa hisa zake. Kiingereza cha jambo hilo ni “share-out”. Ukiandika “the group is breaking up”, ofisi ya juu itaelewa kwamba kikundi kimekufa, na inaweza kukiondoa kwenye orodha ya wanaostahili mafunzo ya msimu ujao. Andika “the group will hold its annual share-out”, kisha ongeza tarehe ambayo mzunguko mpya unaanza, kwa kawaida wiki inayofuata.